Kuku wa Jaki: Mapishi ya Watoro wa Jamaika



Leo tunapika kuku. Mtasema, kuku tunamjua tangu utoto, somo liko wapi hapo? Subirini kidogo. Kuku huyu hupikwa na watu wa kisiwa cha Jamaika, na mapishi yake yametoka kwa watu waliokataa utumwa. Tena ndani ya mapishi hayo kuna kosa moja ambalo nusura litupe maradhi sisi wenyewe, pamoja na darasa zima. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Wenyewe huandika jerk. Sisi tutaandika jaki, kama linavyosikika masikioni mwetu, ili usomaji usitukwamishe. Kuku wa jaki ni kuku aliyepakwa viungo vikali, hasa pilipili, kisha akabanikwa polepole kwa makaa na moshi huku amefunikwa.

JAMAIKA NI WAPI

Mwenye ramani ya dunia aitandike mezani. Toka Afrika kwenda upande wa magharibi, vuka bahari ya Atlantiki, utafika kwenye visiwa vya Karibi. Jamaika ni kimojawapo. Si kisiwa kikubwa sana. Eneo lake ni kilomita za mraba karibu 11,000, yaani ni dogo kuliko mkoa wetu wa Kilimanjaro. Lakini kina milima mikali, na kilele kirefu kuliko vyote kina mita 2,256.

Wenyeji wa kwanza waliitwa Wataino. Walilima muhogo na mahindi. Nyama na samaki waliviweka juu ya uchaga wa miti, chini wakawasha moto mdogo, moshi ukavikausha. Waspania walifika mwaka 1494, na mwaka 1509 wakaanza kukaa. Kazi za kulazimishwa na maradhi mageni vikawamaliza Wataino wengi. Basi Waspania wakaleta watu kutoka Afrika, wakawafanya watumwa. Walileta pia nguruwe, na baadhi ya nguruwe hao wakatorokea msituni wakawa wa mwitu.

Mwaka 1655 Waingereza wakaja na majeshi yao, wakakiteka kisiwa. Katika vurugu hiyo Waafrika wengi waliokuwa chini ya Waspania wakakimbilia milimani. Baadaye Waingereza walileta Waafrika wengine wengi zaidi, hasa kutoka Afrika Magharibi, wakalime miwa. Na kati ya hao nao wakatoroka wengine, wakawafuata wenzao huko juu. Watu hao wa milimani ndio wanaoitwa Wamaruni. Jina hilo limetokana na neno la Kispania la mnyama wa kufugwa aliyetoroka na kuwa wa mwitu. Si jina la heshima, lakini wenyewe wamelichukua na leo wanajivunia.

Sisi tunalo neno letu: watoro. Hata pwani ya Afrika Mashariki, katika karne ya 19, watumwa waliotoroka mashamba walijenga vijiji vyao. Kimoja kilikuwa Fuladoyo, bara ya Malindi, huko Kenya. Kwa hiyo habari ya Wamaruni si ngeni kwetu kama inavyoonekana.

NYAMA YA MTU ANAYEKIMBIA

Hebu fikiria hali yao. Uko mlimani, askari wanakutafuta. Umeua nguruwe mwitu. (Wasomaji wetu Waislamu msishtuke, leo tunapika kuku tu.) Nyama ni nyingi, huwezi kuila yote siku moja, na kesho huenda mkahama. Utafanyaje isioze?

Wamaruni walichukua maarifa ya Wataino ya kukausha nyama kwa moshi, wakatia na yao ya Afrika. Nyama waliikata, wakaipaka chumvi walipoipata, na pilipili, na punje za mti unaoitwa pimento ambao huota wenyewe katika misitu ya Jamaika. Kisha wakaibanika kwa moto mdogo kwa saa nyingi mpaka ikakauka. Husimuliwa kwamba mara nyingine walichimba shimo na kulifunika, moshi usipande juu ukawaonyesha askari walipo. Nyama ya namna hiyo iliweza kubebwa safarini. Hata jina jaki, wataalamu wengi wanasema, limetokana na neno la Waindio wa milima ya Peru lenye maana ya nyama iliyokaushwa. Waspania ndio waliolisambaza.

Vita viliendelea miaka mingi. Upande wa magharibi Wamaruni waliongozwa na Cudjoe. Upande wa mashariki, katika Milima ya Buluu, kiongozi aliyesifika sana ni mwanamke, Nanny. Waingereza walishindwa kuwamaliza, na mwaka 1739 wakafanya mkataba wa amani na Cudjoe. Watu wa upande wa mashariki nao wakafuata. Wamaruni wakabaki huru katika ardhi yao, karibu miaka 100 kabla ya watumwa wengine wa Jamaika kupata uhuru kamili mwaka 1838. Lakini tuseme kweli yote: mkataba ule ulikuwa na doa. Wamaruni walikubali kuwarudisha kwa Waingereza watoro wapya watakaokimbilia kwao. Jambo hilo bado linaleta mabishano huko kwao mpaka leo, na sisi hatuwezi kulificha kwa sababu tu tunawapenda.

Nanny leo ni shujaa wa taifa la Jamaika, mwanamke peke yake kati ya mashujaa saba. Picha yake imo katika noti ya dola 500 ya nchi hiyo.

Mapishi yao yalishuka kutoka milimani polepole. Katika wilaya ya Portland, karibu na bahari mahali paitwapo Boston Bay, watu walianza kuuza nyama ya jaki kando ya barabara, wasafiri wakaipenda. Baadaye kuku akaingia, na leo ndiye anayependwa sana. Ukienda mji wowote wa Jamaika utaona mtu amepasua pipa kwa urefu, nusu ya chini ina makaa, nusu ya juu ni kifuniko, moshi unatoka pembeni, watu wamepanga foleni.

KOSA TULILOFANYA SISI

Sasa tufike kwenye lile jambo. Tulipotaka kuwafundisha wanakisomo wa darasa moja la jioni mapishi haya, tulifuata maelezo ya kitabu. Kitabu kilisema: paka kuku viungo, mwache usiku kucha. Basi tukafanya hivyo hivyo. Tukachinja jioni, tukapaka, tukamweka katika sufuria, tukafunika vizuri, tukaenda kulala. Friji hatukuwa nayo.

Asubuhi tukafunua. Harufu ilikuwa safi kabisa, karafuu na tangawizi tupu. Tukafurahi. Lakini bibi mmoja wa darasa letu, mtu mzima sana, aliingiza kidole akasugua nyama. Akasema, "Mwalimu, hii inateleza. Hii mimi siili." Tukaosha kipande kimoja kwa maji tukanusa tena. Kumbe! Ilikuwa imeanza kuoza. Viungo vilikuwa vimeficha harufu. Tukamzika kuku wetu ili mbwa wasimfukue, na tukamshukuru bibi yule mbele ya wote, maana alijua kuliko kitabu chetu.

Tulikosea wapi? Kitabu kiliandikwa kwa watu wenye friji. Usiku kucha kwao ni usiku kucha ndani ya baridi. Na sisi akilini tulikuwa tumejiambia hivi: jaki ni njia ya kuhifadhi nyama, kwa hiyo nyama ya jaki haiozi. Sivyo. Nyama ya Wamaruni ilihifadhiwa kwa chumvi na kwa kukaushwa na moshi saa nyingi. Jaki ya leo ina chumvi kidogo tu, ya kuleta ladha, na nyama bado ina maji yake yote. Pilipili, ndimu na karafuu haziwezi kuilinda. Vijidudu vinavyoleta kuhara na kutapika huzaana haraka katika nyama mbichi iliyo kwenye joto, hata ikiwa imepakwa viungo vya dunia nzima.

Kwa hiyo sheria yetu ni hii. Tangu umalize kumtoa kuku utumbo na kumsafisha, asikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili kabla ya kwenda motoni. Siku ya joto kali sana, kama pwani wakati wa kaskazi, usizidishe saa moja. Ladha itaingia tu, tutakuonyesha namna. Mwenye friji anaweza kumweka humo usiku kucha, hana neno.

VIUNGO

Kuku awe mchanga, tetea au jogoo asiyekomaa, uzito karibu kilo moja na nusu. Kuku wa kisasa naye anafaa sana. Jamaika huyo ndiye hutumika. Kuku mzee wa kienyeji hafai kwa kubanika hivi, atakuwa mgumu kama ukanda. Kama huyo ndiye uliye naye, mchemshe kwanza na chumvi na tangawizi mpaka alainike, ndipo umpake viungo na kumpitisha kwenye moshi. Mjamaika atakucheka, lakini utakula vizuri.

Pilipili yao ni ya mviringo, imebonyea kama kofia, kali mno. Hapa kwetu pilipili mbuzi ni ya ukoo huo huo. Kwa mara ya kwanza weka moja, toa mbegu na ule utando mweupe wa ndani, maana ukali mwingi uko kwenye utando. Ukizoea weka mbili au tatu.

Pimento haipatikani madukani kwetu kwa urahisi. Punje zake zinafanana na pilipili manga, ila harufu yake ni kama karafuu, mdalasini na kungumanga zimechanganywa. Mafuta yenye harufu yaliyo mengi ndani yake ndiyo hayo hayo yaliyo ndani ya karafuu. Basi ukikosa pimento, twanga karafuu sita, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, mdalasini nusu kijiko na kungumanga kidogo ya kukwangua. Angalia karafuu isizidi, ikizidi kuku atanuka dawa ya meno.

Ongeza mashina matano ya vitunguu vya majani (au kitunguu maji kimoja), punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, chumvi vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja kikubwa, mafuta ya kula vijiko viwili vikubwa, na maji ya ndimu mbili. Wajamaika hutia pia majani madogo yenye harufu yaitwayo thaimu. Ukiyapata tia, ukiyakosa endelea.

Twanga vyote kwenye kinu mpaka viwe kama uji mzito. Kabla hujagusa kuku, chota vijiko vitatu uviweke kwenye kikombe pembeni. Hivyo ni vya kupaka mwishoni. Viungo vilivyokwisha gusa nyama mbichi visipakwe juu ya nyama iliyoiva. Vivyo hivyo kisu na ubao: vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia nyama iliyoiva au kachumbari.

Tahadhari ya pilipili mbuzi. Paka mikono mafuta kabla ya kuishika, au vaa mfuko wa nailoni. Baadaye nawa kwa sabuni mara mbili. Usiguse macho. Mama anayenyonyesha amwachie mtu mwingine kazi hii, tunasema kwa uzoefu. Ukali wa pilipili hauondoki kwa maji. Ukiungua mdomo, maziwa yanasaidia zaidi.

KUMTAYARISHA NA KUWASHA MOTO

Mpasue kuku mgongoni kwa kisu kikali, mfungue kama kitabu, mbonyeze kifuani alale bapa. Kisha mchanje, kila paja mara tatu, kila upande wa kifua mara mbili, mpaka karibu na mfupa. Hiyo ndiyo siri ya kuingiza ladha bila kungoja usiku kucha. Paka viungo ndani ya kila chanjo na chini ya ngozi. Mfunike inzi wasimguse. Wakati analowa, washa moto.

Kule Jamaika hulaza vijiti vya mti wa pimento juu ya makaa, na nyama ikalala juu ya vijiti hivyo hivyo. Moshi wake ndio ladha yenyewe. Hapa tunao mti wa karibu. Mpera, mzambarau na mkarafuu ni wa ukoo mmoja na pimento kwa hesabu za wataalamu wa mimea. Tumejaribu vijiti vibichi vya mpera, unene wa kidole gumba, na moshi wake ni mzuri. Mkaratusi nao ni wa ukoo huo, lakini usiutumie, nyama itanuka dawa ya kifua. Usitumie mnyaa wala mti wowote wenye utomvu mweupe. Wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Pipa la kupasua ni zuri, lakini lazima ujue lilibeba nini. Lililobeba dawa za pamba au za mifugo lisitumike kwa chakula hata likioshwa mara kumi. Na bati jipya la nyumba lisitumike kufunikia moto mkali, maana ile rangi ya kung'aa juu yake ni madini ya zinki, nayo ikipata moto sana hutoa moshi wenye madhara. Karai kuukuu la chuma au sufuria pana vinatosha.

Washa makaa, ngoja yageuke majivu meupe juu. Hapo yasogeze yote upande mmoja wa jiko. Kuku atakaa upande wa pili, pasipo na makaa chini yake. Weka kiganja mahali atakapolala, kwa usawa huo huo. Ukiweza kuhesabu polepole hadi sita kabla ya kuondoa mkono, moto unafaa. Ukishindwa kufika tatu, ni mkali mno.

KUMBANIKA

Hapa ndipo wengi huharibu. Sukari na viungo huungua upesi. Ukimweka kuku juu ya makaa moja kwa moja, baada ya dakika 15 atakuwa mweusi, watoto watapiga makofi, nawe utampasua ukute damu kwenye mfupa. Kuku wetu wa pili, baada ya yule tuliyemzika, alituaibisha hivyo hivyo. Weusi wa nje si kuiva.

Laza vijiti vya mpera juu ya wavu, laza kuku juu yake, mifupa ikitazama chini. Tupa vijiti vingine viwili juu ya makaa vitoe moshi. Funika. Acha upenyo mdogo ili moto usizimike. Mgeuze kila baada ya dakika 10 au 15, ongeza makaa yanapopungua, na usifunue funue ovyo, kila ukifunua joto linakimbia. Kwa kuku mdogo tenga saa nzima. Mkubwa huchukua saa moja na nusu.

Kujua kama ameiva, choma paja penye nyama nene karibu na mfupa. Maji yatakayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu. Vuta mguu, uachie kwenye kiungo. Pasua penye unene utazame, nyama isiwe na rangi ya nyama mbichi mahali popote. Mwenye kipimajoto cha chakula akichomeke hapo, kisome nyuzi 74 za sentigredi au zaidi. Ukiwa na shaka, mrudishe. Kuku aliyekauka kidogo hajamlaza mtu hospitali.

Dakika tano za mwisho mpake vile viungo vya kikombeni, msogeze karibu na makaa ngozi ikaange na kupata weusi kidogo. Sasa weusi una faida yake. Mwepue, mwache apumzike dakika 10, ndipo umkate kwa panga katika vipande vidogo na mifupa yake, kama wafanyavyo wao.

Wajamaika humla kwa mkate bapa wa muhogo uliokunwa na kukamuliwa, ambao ni urithi wa Wataino, au kwa maandazi marefu ya unga wa mahindi yenye sukari. Hula pia shelisheli la kuchoma. Huyo ni mgeni kwao, aliletwa kwa meli mwaka 1793 ili watumwa wapate chakula cha bei ndogo. Wa visiwani na pwani shelisheli mnalo. Wa bara, muhogo na viazi vitamu vya kuchoma vinamfaa kuku huyu vizuri kabisa. Kitakachobaki kisilale nje. Kiliwe siku hiyo hiyo, au jirani aitwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nyama ya Wamaruni iliweza kukaa siku nyingi, na kuku wa jaki wa leo hawezi?

2. Katika kijiji chenu nyama au samaki huhifadhiwaje bila friji? Nani anajua njia hiyo, na amemfundisha nani?

3. Wamaruni walipata uhuru wao kwa kukubali kuwarudisha watoro wengine. Kama ungekuwa katika baraza lao mwaka 1739, ungesema nini?

4. Kuku amemaliza kusafishwa saa 4 na nusu asubuhi. Siku ni ya joto kali sana, friji hakuna. Mwisho wa kumweka motoni ni saa ngapi? Na makaa yanahitaji dakika 40 kuwa tayari. Yawashwe saa ngapi?